Mulamula: Mmea wa Mpaka Unaokubali Kuishi Chumbani

Makala: Nyumba na Bustani
Muda: dakika 18
Sauti: MTANGAZAJI, MAMA WA MICHE, mkimbizi anayeishi Kawempe, Kampala
Kwa viongozi wa vikundi vya kusikiliza: maswali ya mjadala yako mwishoni. Ikiwezekana, leteni kijiti kimoja cha mmea huu ili wote wakione.

(Muziki wa kufungua kipindi. Unapungua taratibu.)

MTANGAZAJI: Hamjambo wasikilizaji wetu. Tunawasalimu mlioko Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja na Kyaka, mlioko Kakuma na Nyarugusu, na ninyi mliopanga vyumba mjini Kampala. Leo tunazungumzia mmea ambao wengi wenu mnaujua kwa macho, hata kama hamjui jina lake. Majani yake ni marefu, yanajikunja kama ya mahindi, tena ni ya kijani mwaka mzima. Umeuona kwenye mpaka wa shamba la jirani. Umeuona pia ndani ya benki na ofisi za mjini, umesimama kwenye chungu pembeni, mahali ambapo jua halifiki.

Waganda wanauita mulamula, wengine luwaanyi. Wachaga wa Kilimanjaro wanauita masale. Wataalamu wa mimea wanauita Dracaena fragrans. Si mgeni kwetu. Kwao ni misitu ya Afrika ya kitropiki, chini ya miti mikubwa. Ndiyo sababu unavumilia kivuli: umezaliwa kivulini.

Kwa nini tuzungumzie mmea usioliwa, wakati watu wana shida ya chakula? Utasikia. Leo tumefika Kawempe, kaskazini mwa jiji la Kampala, kwa mama mmoja anayeotesha miche na kuiuza. Yeye mwenyewe ni mkimbizi kutoka Kivu Kusini. Shikamoo mama.

MAMA WA MICHE: Marahaba mwanangu. Karibu. Angalia usipige teke madumu, miche bado michanga.

(Sauti ya uani: watoto, boda boda kwa mbali, maji yakimwagwa.)

MTANGAZAJI: Mama, wasikilizaji hawaoni ninachoona mimi. Waeleze unaishi wapi.

MAMA WA MICHE: Naishi kwenye muzigo. Walioko Kampala wanajua muzigo ni nini: chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja kama una bahati. Nyumba zimeshonana, ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Huku bondeni, upande wa Bwaise, mvua kubwa ikinyesha maji yanaingia hadi ndani. Uani kwangu ni hapa unapoona, hatua nne kwa hatua tatu. Shamba silikumbuki tena isipokuwa kwenye ndoto.

MTANGAZAJI: Mulamula uliupataje?

MAMA WA MICHE: Kwa kugombezwa! Nilipofika hapa niliona mstari wa mimea hii kando ya kiwanja cha bibi mmoja Mganda, sisi sote tunamwita jajja. Nikasema, hii ni kama ua tu, nitakata kijiti kimoja nikapande. Nikachukua kisu. Jajja akatoka mbio, anapiga kelele, majirani wakajaa. Mimi Luganda sijui, natetemeka tu. Kijana mmoja akanitafsiria: mmea huo ni mpaka. Ukiugusa unagusa ardhi ya watu.

MTANGAZAJI: Tusimame hapo kidogo, maana jambo hili ni kubwa kuliko bustani. Katika Buganda, mmea huu umekuwa alama ya mpaka tangu zamani. Unafaa kazi hiyo kwa sababu haufi kirahisi. Ukiukata, kisiki kinachipua. Mifugo haiupendi sana. Na kwa kuwa haupotezi majani wakati wa kiangazi, mstari wake unaonekana mwaka mzima. Kwa Kiganda, kulamula ni kuamua au kusuluhisha. Kule Kilimanjaro, masale huzunguka kihamba, yaani shamba la ukoo, na mtu aliyekosa anapokwenda kuomba msamaha hubeba jani la sale. Ni mmea wa mpaka, na ni mmea wa amani.

Kwa hiyo, msikilizaji, kanuni ya kwanza ya kuotesha mulamula haihusu udongo wala maji. Inahusu mdomo. Omba. Usikate, usichimbe wala usisogeze mmea ulio mpakani bila ruhusa ya mwenyewe. Watu wamewahi kufikishana mbele ya wazee kwa sababu ya kijiti. Mama, kwa jajja iliishaje?

MAMA WA MICHE: Jioni nilirudi mikono mitupu, nikapiga magoti kama nilivyoona wao wanavyosalimia. Nikamwambia, jajja, nisamehe, sikujua. Akacheka. Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye mmea usio wa mpakani, akakata tawi mwenyewe, akanipa. Hii yote unayoiona hapa, madumu ishirini na tatu, ni wajukuu wa tawi lile.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa tuingie kazini. Wasikilizaji, shikeni kalamu, au mwiteni kijana mwenye kumbukumbu nzuri. Mama, tuanze na kijiti.

MAMA WA MICHE: Chagua tawi lililokomaa, nene kama kidole gumba au zaidi. Kata kwa kisu kikali na kisafi. Kisu butu kinaponda, na palipopondwa panaoza. Kijiti kiwe shubiri moja. Jambo moja watu wanakosea: kijiti kina kichwa na miguu. Ukipanda kichwa chini, hakitakutii. Mimi nakata chini kwa mshazari na juu nakata bapa, hivyo hata vikichanganyika najua kipi ni kipi.

MTANGAZAJI: Na ncha yenye majani?

MAMA WA MICHE: Hiyo nayo ni mche. Ondoa majani ya chini, bakiza manne au matano juu. Ukiyaacha yote, yanakunywa maji na mizizi bado haipo. Baada ya kukata usipande papo hapo. Weka kivulini nusu siku hadi siku moja, kidonda kikauke. Halafu chomeka theluthi moja ardhini.

MTANGAZAJI: Chombo gani?

MAMA WA MICHE: Chungu cha dukani cha nini? Dumu la lita tano lililopasuka linatosha. Kata shingo, kisha pasha msumari moto utoboe matundu matano chini. Matundu ndiyo uhai. Mmea huu usipokuwa na pa kutolea maji, unakufa. Dumu lililobeba dawa ya wadudu liache. Na kavera nene la miche linafaa ukiwa huna dumu.

MTANGAZAJI: Udongo?

MAMA WA MICHE: Sahani mbili za udongo wa juu, sahani moja ya mchanga, sahani moja ya samadi iliyooza vizuri mpaka haina harufu. Udongo wa bondeni huku ni mzito, unashika maji kama sifongo, ndiyo maana naongeza mchanga. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Majivu ya jiko usimwage humo kila siku. Kidogo si mbaya, mengi yanaharibu udongo.

MTANGAZAJI: Inachukua muda gani kuota?

MAMA WA MICHE: Wiki nne, sita, hata nane. Macho yanavimba pembeni mwa kijiti, kisha majani madogo yanatoka. Usikivute uone kama kina mizizi! Watoto wangu waliniua miche mitatu kwa kuchungulia. Wakati mzuri kwetu ni mwanzo wa mvua, mwezi wa tatu au wa tisa, hewa ikiwa na unyevu.

MTANGAZAJI: Mche umeota, sasa unaingia chumbani. Hebu tuseme juu ya mwanga. Mmea kuvumilia kivuli si kwamba unaishi gizani. Hakuna mmea wa kijani unaoishi bila mwanga, kwa sababu mwanga ndio jiko lake la kupikia chakula. Kipimo rahisi ni hiki: saa sita mchana, zima taa, simama pale unapotaka kuuweka. Ukiweza kusoma barua bila kukaza macho, mahali hapo panafaa. Ukishindwa kuona herufi, usogeze karibu na mlango au dirisha.

MAMA WA MICHE: Mimi nina miwili ndani. Mmoja unakaa ndani wiki mbili, mwingine nje chini ya ukuta. Halafu wanabadilishana, kama walinzi wa zamu.

MTANGAZAJI: Njia nzuri hiyo. Ila usiutoe chumbani na kuuweka moja kwa moja kwenye jua kali. Majani yaliyozoea kivuli huungua, yakabaki na mabaka meupe au ya kahawia ambayo hayaponi. Ile aina yenye mstari wa njano katikati ya jani inahitaji mwanga zaidi kidogo. Gizani mstari wake hufifia. Na kila wiki, zungusha dumu nusu mzunguko, vinginevyo mmea utainama kuelekea dirishani.

Mama, umesema maji ndiyo yanaua.

MAMA WA MICHE: Wa kwanza niliua kwa mapenzi. Kila asubuhi nilipowapa watoto chai, na yeye nikampa kikombe chake. Majani ya chini yakawa ya njano. Nikasema ana kiu, nikaongeza. Shina likawa laini kama ndizi iliyoiva sana. Nilipoling'oa, linanuka. Mizizi yote imeoza.

MTANGAZAJI: Mmea huu hufa kwa wema kuliko kwa kusahauliwa. Sababu ni kwamba mizizi nayo inapumua. Udongo ukijaa maji siku zote, hewa inatoka, mizizi inakosa pumzi na kuoza. Na mmea ulio kivulini hunywa polepole kuliko ulio juani. Kwa hiyo usifuate kalenda, fuata kidole. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Ukisikia unyevu, ondoka. Ukisikia pakavu, mwagilia hadi maji yatoke matunduni, kisha acha. Chumbani inaweza kuwa mara moja kwa wiki, au hata baada ya siku kumi na zaidi. Kwa watu wanaopanga foleni ya maji bombani, hii ni habari njema.

MAMA WA MICHE: Mimi nampa maji niliyooshea mchele. Ya sabuni simpi, wala ya chumvi.

MTANGAZAJI: Vizuri. Walioko maeneo makavu kama Kakuma wasikie hili pia. Ncha za majani zikikauka na kuwa za kahawia, mara nyingi ni hewa kavu, au maji yenye chumvi au floridi nyingi. Mimea ya jamii hii huathirika haraka na floridi. Tumia maji ya mvua mkiyapata, na weka mmea mbali na upepo wa moto. Ncha iliyokauka unaweza kuikata kwa mkasi. Jani lililobaki linaendelea na kazi.

Na sahani iliyo chini ya dumu, usiiache na maji. Mbu wanaoeneza homa ya dengi hutaga mayai kwenye maji machache kama hayo. Mwaka 2001, shehena za ndugu mdogo wa mmea huu zilisafirishwa kutoka China hadi California, Marekani, zikiwa ndani ya maji. Zilipofunguliwa, zilikuwa na mbu hao. Kama unaotesha kijiti ndani ya chupa ya maji, badilisha maji kila baada ya siku mbili au tatu.

MAMA WA MICHE: Na vumbi. Hapa karibu na barabara ya Bombo, majani yanakuwa mekundu kwa vumbi. Nafuta kwa kitambaa kilicholowa, juu na chini ya jani. Hapo ndipo naona wale wadudu weupe kama pamba, nawatoa kwa maji ya sabuni kidogo, kisha nasuuza.

MTANGAZAJI: Jani lenye vumbi ni kama dirisha chafu, mwanga haupiti. Jambo jingine: wafundisheni watoto wasitafune majani haya. Na mbwa au paka akiyala, huumwa na kutapika.

(Muziki mfupi. Unakatika.)

MTANGAZAJI: Mama, kabla hatujaanza kurekodi uliniambia habari ya usiku mmoja wa mvua. Unaweza kuwasimulia wasikilizaji?

MAMA WA MICHE: Naweza. Ni aibu, lakini itasaidia mtu. Mtu mmoja aliyekuja kununua mche aliniambia, mama, huu mmea unasafisha hewa, wazungu wamethibitisha. Nikafurahi. Nikaweka mitatu ndani. Siku ya mvua kubwa uani kulijaa maji, nikaingiza sigiri ndani kupika, ile sisi Kongo tunaita mbabula. Baridi, watoto wanakohoa, nikafunga mlango na dirisha. Nikasema, moshi umeisha, makaa ni mekundu tu, na mimea ipo. Tukalala. Usiku mtoto wangu wa pili alitapika. Nikataka kuamka, miguu haina nguvu, kichwa kinagonga kama ngoma. Sijui ni Mungu gani alinipa nguvu ya kusukuma mlango. Tulilala nje kwenye matope hadi asubuhi. Wote tuko hai.

MTANGAZAJI: Pole sana, mama. Na asante kwa kusema.

Wasikilizaji, habari hiyo ya mimea kusafisha hewa ilianzia hapa. Mwaka 1989 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa ripoti ya majaribio. Waliweka mimea, ukiwemo huu wetu, ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa, wakaona baadhi ya gesi chafu zimepungua. Lakini nyumba si kisanduku kilichofungwa. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walikusanya majaribio mengi ya namna hiyo na kupiga hesabu upya. Wakasema ili mimea ifikie kazi inayofanywa na hewa inayopita tu kwenye jengo la kawaida, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Chumba cha mita tatu kwa tatu kina mita 9 za mraba. Kwa hesabu ndogo kabisa, ni mimea 90. Wewe utalala wapi?

Tena majaribio yale hayakuwa ya jiko la makaa. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na hutoka hata makaa yakiwa mekundu bila moshi wowote. Inachukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu. Wengi hulala wasiamke. Hakuna mmea unaozuia hilo. Pika nje, au penye mlango na dirisha wazi. Usilale kamwe na jiko la makaa ndani, hata kama linaonekana limezimika. Mkipata dalili hizo, tokeni nje mara moja, muwaburute walioishiwa nguvu, na muende kituo cha afya.

MAMA WA MICHE: Sasa kila ninayemuuzia mche namwambia: huu ni wa macho na wa moyo. Kwa pumzi, fungua dirisha.

MTANGAZAJI: Wa moyo kivipi, mama?

MAMA WA MICHE: Ninapoamka, kitu cha kwanza naona ni ukuta. Kabla ya hapo ulikuwa ukuta mtupu. Sasa kuna jani jipya linajifungua, limejikunja kama barua. Natamani kujua kesho litakuwa limefika wapi. Kuna miezi ambayo sikuwa na jambo jingine la kungoja kesho.

(Kimya kifupi.)

MTANGAZAJI: Na biashara je?

MAMA WA MICHE: Ndogo. Haininunulii unga wa mwezi, nisikudanganye. Inasaidia sabuni, daftari, siku nyingine nauli. Wenye mstari wa njano unanunuliwa haraka kuliko wa kijani. Nilianza na mitano, nikauza mitatu, miwili nikaiacha iwe mama wa miche. Hapa mtaani nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, nikamwambia nataka kupanga madumu yangu pale. Usipange barabarani bila kuuliza.

MTANGAZAJI: Walioko kwenye makazi ya mashambani wanaweza kuuliza: je, na sisi tupande mulamula kwenye mpaka wa kiwanja tulichogawiwa? Jibu ni ndiyo, mkikubaliana. Nchini Uganda, kiwanja cha makazi hugawiwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Unapewa kukitumia, si kukimiliki. Mmea haugeuzi ardhi kuwa yako, na ukiupanda peke yako usiku, jirani ataona unamnyang'anya. Mwite jirani wa kulia na wa kushoto, mwite kiongozi wa bloku, na kama mpaka unagusa shamba la mwenyeji, mwite naye. Pimeni pamoja, chimbeni pamoja, kila mmoja ashike kijiti. Hapo mmea unakuwa shahidi wa maneno yenu. Bila maneno, ni kijiti tu.

Turudie kwa ufupi. Omba kijiti, usiibe. Kichwa juu, miguu chini. Chombo kiwe na matundu. Mwanga wa kutosha kusoma barua. Maji kwa kipimo cha kidole. Maji yasitwame kwenye sahani. Na jiko la makaa lisilale ndani, mmea uwepo usiwepo.

Mama, neno la mwisho.

MAMA WA MICHE: Chukua hiki. Nimekukatia toka asubuhi, kidonda kimeshakauka. Kapande. Na kikiota, ugawie mtu mwingine.

MTANGAZAJI: Asante sana, mama. Nitarudi kukuonyesha.

MAMA WA MICHE: Ukija, njoo na dumu tupu.

(Kicheko. Muziki wa kufunga kipindi.)

Maswali kwa kikundi cha kusikiliza

1. Kwenu mlikotoka, mpaka wa shamba uliwekwa kwa alama gani? Nani alishuhudia?
2. Hapa mlipo, ni mipaka gani inaleta ugomvi, na nani aitwe ili izungumzwe kabla ya kupandwa chochote?
3. Siku ya mvua, watu wa eneo lenu wanapikia wapi? Mnaweza kufanya nini pamoja ili jiko la makaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa?
4. Nani ana mmea huu na yuko tayari kugawa vijiti kwa wenzake?